Darubini ya laki tatu kwa kazi ya porini: jinsi ya kuichagua, kuipima na kuitunza

Msimu wangu wa pili wa kuendesha wageni, nilisimamisha gari chini kabisa ya bonde la Ngorongoro na kuwatangazia watu wanne kwamba kule mbele, upande wa msitu wa Lerai, kuna kifaru amelala. Shingoni nilikuwa na darubini mpya iliyoandikwa 30x60. Nilikuwa nimeinunua sh 80,000 kwa kijana anayetembeza bidhaa karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha. Ndani yake niliona kitu cheusi, kikubwa, kinachotetemeka. Mama mmoja mgeni akainua darubini yake ndogo, akatazama kimya, kisha akaniuliza kwa upole kama vifaru wa Tanzania huota pembe kila upande wa kichwa.

Alikuwa nyati.

Ya yule mama ilikuwa 8x32. Ukisoma namba tu, yangu ingemeza yake mara tatu. Kilichonifanya nijifunze mambo haya ni aibu ya siku ile, na mzee mmoja dereva aliyeniambia jioni tukiwa Karatu, "Mwanangu, umenunua namba, hujanunua darubini." Ninayaandika kwa ajili ya dogo anayetoka chuo, awe ametoka Mweka au kwingine, ambaye ameshapata kazi ya kuongoza watalii (bibi yangu akijaribu kuitaja kwa Kiingereza hutuita magaidi, na hajui tunacheka nini) lakini mfuko bado mwepesi. Kwangu bei nafuu ni kati ya laki 2 na nusu na laki 4. Chini ya hapo kitu kizuri hupatikana kwa bahati ya mitumba. Juu ya hapo kuna dunia nyingine: hizo Swarovski ambazo wageni hushuka nazo uwanja wa KIA hufika dola 2,000 moja na zaidi, na sitazitaja tena, zinaniumiza.

Hatua ya 1: Jua utatazama nini na ukiwa wapi

Kwenye hifadhi zetu nyingi hairuhusiwi kuacha barabara na kukata nyasi kumfuata mnyama. Kwa hiyo umbali hauuamui wewe. Chui wa Tarangire atakuwa kwenye tawi la mgunga mita 300 kutoka barabarani, umeona mkia tu unaning'inia. Simba atakuwa masikio mawili kwenye nyasi. Halafu kuna wageni wa ndege, watu ambao simba hawawashughulishi. Wao wamekuja kwa sababu nchi hii ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na watakuuliza rangi ya mguu.

Kama kazi yako ni kupandisha watu mlimani kutoka Moshi, hesabu ni tofauti: unabeba kila gramu mgongoni, na darubini ya 8x32 au hata 8x25 inakutosha. Wa magari tuendelee.

Hatua ya 2: Soma namba mbili, kisha zigawe

Chukua 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji: mnyama aliye mita 800 unamwona kana kwamba yuko mita 100. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa dirisha linaloingiza mwanga. Muuzaji atakusifia ile ya kwanza. Wewe gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25. Hicho ndicho kipenyo, kwa milimita, cha duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini na kuingia kwenye mboni yako.

Mboni nayo ina vipimo vyake. Jua likiwa kali hujifunga hadi milimita 2 au 3. Giza likiingia hufunguka, kwa kijana hata kufika 7, na umri ukisogea hupungua. Sasa chukua zile 10x25 za mfukoni: 25 kwa 10 ni 2.5. Saa 6 mchana hutaona ubaya wowote. Lakini umetoka Karatu usiku, umekuwa wa kwanza kwenye lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, saa 12 asubuhi, umeteremka bondeni na jua halijavuka kingo. Hapo mboni yako imefunguka milimita 5 na darubini inakupa nusu ya hapo. Fisi na jiwe vinafanana. Na asubuhi ndiyo saa ya kazi, wanyama wakubwa wakishapata joto wanalala.

Waliofanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji wanaijua hesabu hii, kwa sababu darubini ya bunduki husomwa vilevile. Ile ya kawaida ya 3-9x40 ina lenzi ya mbele ya milimita 40 na ukuzaji unaobadilishwa kutoka 3 hadi 9, na jioni mwindaji huirudisha kwenye 4 badala ya 9 ili picha ing'ae. Hao hao watakuambia jambo lingine: mnyama hatafutwi kwa darubini ya bunduki hata siku moja, kwa kuwa popote unapotazama ndipo mtutu unapoelekea, na huko anaweza kuwepo mtu anayeokota kuni. Kutafuta ni kazi ya darubini ya mkononi.

Kwa nini basi nisiseme 10x42? Inatoa 4.2, si mbaya, na madereva wengi wanaipenda. Mimi nabaki kwenye 8 kwa sababu mbili. Kwanza, kila mtikisiko wa mkono unakuzwa pamoja na picha. Umezima injini, sawa, lakini nyuma kuna watu wanne waliosimama chini ya paa lililoinuliwa, mmoja anabadilisha mguu, mwingine anatafuta chaji, na Land Cruiser nzima inapumua. Kwa 8 bado unahesabu masharubu ya simba. Kwa 10 unakisia. Pili ni upana wa picha. Darubini ya 8x42 mara nyingi huonyesha upana wa mita 120 hadi 130 kwa umbali wa mita 1,000, na ya 10x42 huonyesha kama 100 hadi 115. Ukiwa unamfuata tai aliyeruka, au unamtafuta duma aliyehama kichuguu, hizo mita chache ndizo zinazokuokoa. Upana huo huandikwa juu ya darubini yenyewe, kwa mita ndani ya mita 1,000 au kwa digrii.

Zile za kuvuta na kurudisha, za 10-30x50, ziache dukani. Vioo vya pande mbili vinatakiwa visogee pamoja kwa usahihi mkubwa, na kwa bei yetu havisogei. Picha yake pia ni nyembamba kama unachungulia kwenye mrija wa soda.

Hatua ya 3: Nenda na rula

Hii ndiyo hatua ambayo ingeniokolea sh 80,000. Namba zilizochapwa kwenye darubini za mtaani mara nyingi ni mapambo. Beba rula ya mwanafunzi yenye milimita na kipande cha karatasi nyeupe.

Pima kioo cha mbele chenyewe, usipime plastiki inayokizunguka. Kama imeandikwa 60 na kioo ni cha milimita 22, mazungumzo yameisha. Kisha elekeza darubini kwenye anga lenye mwanga (kamwe si kwenye jua, wala usilitazame jua kwa darubini hata kwa sekunde moja, utapofuka) na uweke karatasi nyuma ya lenzi ya jicho. Utaona kiduara cha mwanga. Sogeza karatasi mbele na nyuma mpaka kiduara kiwe kidogo na kikali kabisa, kisha kipime. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kipenyo cha kiduara, unapata ukuzaji halisi. Ile yangu ya 30x60 ilikuwa na kioo cha milimita 22 na kiduara cha milimita 3 hivi. Ukuzaji wake ulikuwa 7. Yaani haikufika hata ya yule mama, na dirisha lake lilikuwa dogo zaidi.

Karatasi hiyohiyo inakuambia jambo la pili bila gharama. Umbali kati ya lenzi ya jicho na pale kiduara kilipokuwa kikali ndio umbali ambao jicho lako linatakiwa likae ili lione picha nzima. Kama unavaa miwani ya macho, au ya jua ambayo hutaki kuivua kila dakika, tafuta milimita 15 au zaidi. Chini ya hapo utaona katikati tu, kingo zimeliwa. Na vikombe vya mpira vya machoni viwe vya kuzungusha au kukunja: mwenye miwani anavishusha, asiye na miwani anavipandisha.

Hatua ya 4: Chagua umbo

Kuna maumbo mawili. La kwanza lina mabega: lenzi za mbele zimeachana kuliko za machoni, kama darubini za kamanda kwenye picha za zamani. Mafundi huliita poro, kwa jina la Mwitaliano Porro aliyebuni mpangilio wa prizimu zake, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyopindisha mwanga. La pili ni mirija miwili iliyonyooka, nyembamba, inayokaa vizuri mkononi.

Mirija iliyonyooka inapendeza, lakini prizimu zake ni ngumu kutengeneza. Mwanga hugawanyika sehemu mbili ndani na kuungana tena, na bila utando maalumu wa kurekebisha, picha hupoteza ukali. Upande mmoja wa prizimu hizo pia huhitaji kupakwa kama kioo cha kujitazamia ili mwanga usipotee. Mtengenezaji wa bei ya chini mara nyingi huruka la kwanza, na la pili hulifanya kwa njia rahisi. Poro haina matatizo hayo, kwa hiyo kwa pesa ileile poro humpa mnunuzi picha bora. Nikon Aculon ya 8x42 ni mfano mzuri: inaonyesha vizuri kuliko bei yake.

Kasoro ya poro naijua kwa mikono yangu. Ukifokasi, daraja la lenzi za machoni hutoka na kuingia, na kila likiingia linavuta vumbi. Aculon pia haizuii maji. Ikianguka kutoka kwenye kiti, prizimu zake huhama kirahisi. Kwa hiyo naligawa hivi: kama pesa yako haifiki laki 3, nunua poro na uitunze kama yai. Ikipita hapo, nunua ya mirija iliyonyooka iliyozibwa na kujazwa naitrojeni, mfano Celestron Nature DX au Nikon Prostaff P3, zote 8x42. Vortex Diamondback HD ni hatua moja juu na mara nyingi itapita laki 4 zetu. Ina ahadi ya kutengenezewa maisha yote, ila kumbuka aliyetoa ahadi yuko Marekani na posta unalipa wewe.

Naitrojeni si maneno ya matangazo. Unatoka kingo za Ngorongoro, mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, baridi ya kuvaa koti, unateremka karibu mita 600 kwenye joto. Hewa ya joto yenye unyevu inayopenya ndani ya darubini isiyozibwa hugeuka umande kwenye kioo cha ndani ambacho bado kina baridi, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Utakaa nusu saa ukisubiri ikauke huku wageni wa gari la jirani wakipiga picha.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla hujatoa pesa

Toka nayo nje ya duka. Muuzaji akikataa, hata ukimwachia kitambulisho chako, mshukuru uende kwingine. Mlangoni kwenye Barabara ya Sokoine una kila unachohitaji: mabati ya paa la mbali, mnara wa simu, na asubuhi isiyo na mawingu una Mlima Meru. Moshi mna Kibo, mna bahati zaidi.

Kwanza, angalia kama pande mbili zinatazama mahali pamoja. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote na ndicho kinachoangusha darubini nyingi za bei ndogo. Lenga mstari uliolala, kwa mfano ukingo wa paa. Tazama kwa macho yote mawili, kisha taratibu ondoa darubini usoni sentimita 10 hadi 15 huku ukiendelea kuuona mstari ndani ya miduara yote miwili. Mstari wa kushoto na wa kulia iwe kwenye kimo kimoja. Ukiona mmoja umepanda, irudishe. Dukani ubongo utazificha tofauti hizo na utasema iko sawa. Saa 8 mchana Seronera kichwa kitauma na utalilaumu jua.

Pili, ishike kwa mkono ulionyooka kuelekea anga na utazame kile kiduara kwenye lenzi ya jicho. Kikiwa duara safi lenye mwanga sawasawa, prizimu ni za kioo kizuri, kile kinachoandikwa BaK-4. Kikiwa na pembe kama almasi, na vivuli vya kijivu pembeni, ni kioo cha daraja la chini cha BK-7. Hiyo haiui picha, lakini inafifisha kingo zake, na inakupa sababu ya kupatana bei.

Tatu, utando. Simama chini ya taa na utazame taa hiyo ikijiakisi kwenye lenzi ya mbele. Taa ndogondogo za zambarau na kijani, hafifu, ni dalili kwamba kioo kimepakwa utando wa kuzuia mwanga usirudi. Taa nyeupe inayong'aa kama kwenye kioo cha dirisha maana yake kuna uso ambao haukupakwa. Na zile lenzi nyekundu kama rubi zinazovutia macho? Nyekundu unayoiona ni mwanga uliorudishwa nje. Kinachobaki ndani kimekosa wekundu, kwa hiyo simba wako atakuwa wa kijanikijani. Maandishi ya kutafuta kwenye boksi ni "fully multi-coated", kwa maana kila uso wa kioo umepakwa tabaka nyingi. "Coated" pekee yake inaweza kuwa tabaka moja kwenye uso mmoja.

Nne, mikono. Zungusha gurudumu la fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho: liwe laini, lisiwe na mahali panaporuka. Kunja na kunjua bawaba ya katikati. Ikilegea sasa, kwenye barabara ya matuta itakuwa inajifunga yenyewe. Kisha lenga kitu cha karibu, kwa mfano viatu vya muuzaji. Darubini inayofokasi mita 2 hadi 3 ni raha usiyoitegemea: siku ambayo hakuna simba, utawaonyesha watoto mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu akipiga pushapu kwenye jiwe, na watakumbuka hilo kuliko nyumbu wote.

Kama ni ya mtumba, ongeza tochi ya simu. Iwashe upande wa mbele na uchungulie kupitia lenzi ya jicho, kisha geuza. Vumbi kidogo si neno. Unachotafuta ni nyuzi kama utando wa buibui, au ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Hiyo ni kuvu. Huanza kula utando wa kioo na ikikaa sana kioo chenyewe, na fundi wa kuifungua na kuipanga tena sawasawa ni adimu mno.

Hatua ya 6: Wapi ununue

Duka lenye risiti ya EFD, kama lipo na bei inafikika, ndilo la kwanza, kwa sababu utaweza kurudi nayo. Kwa bahati mbaya maduka mengi yetu yana darubini moja kwenye kabati la kioo, pembeni ya kamera za zamani, na muuzaji hajui zaidi ya "kaka, hii orijino kabisa".

Mitumba inahitaji subira. Soko la Memorial pale Moshi na Kilombero hapa Arusha mtu anaweza kuokota kitu. Rafiki yangu alipata Carl Zeiss Jena ya 8x30, za enzi ya Ujerumani Mashariki, ikiwa kwenye fungu moja na mabegi ya shule, na muuzaji aliidhani ni kitu cha kuchezea watoto. Ila kwa kila moja kama hiyo kuna kumi zilizoanguka. Fanya vipimo vyote vya juu, hapo hapo, watu wakikushangaa.

Njia ninayoipenda mimi ni mgeni anayekuja. Miezi miwili kabla ya safari, ukiwa tayari unawasiliana na kikundi na mmeshazoeana, si vibaya kuuliza kwa adabu kama mmoja anaweza kukubebea darubini uliyoilipia. Huko kwao bei ni nafuu na chaguo ni pana. Wengi watakubali, na wengine watakataa pesa yako. Usiombe zawadi. Omba kubebewa. Mgeni anaijua tofauti, na kampuni yako pia.

Kuagiza mtandaoni kutoka China kunawezekana, ila piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla ya kufurahia bei, na ujue kwamba hatua ya 5 utaifanya ukiwa umeshalipa.

Hatua ya 7: Iweke kwenye macho yako

Watu wengi hulalamikia darubini nzuri kwa kuwa hawajaipanga. Kunja bawaba mpaka miduara miwili iwe mmoja. Kisha funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote yakiwa wazi, lenga kibao cha barabarani na ufokasi kwa gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome herufi. Hamisha kiganja kushoto. Sasa usiguse gurudumu. Zungusha pete iliyoko kwenye lenzi ya jicho la kulia mpaka nalo lisome. Pete hiyo huitwa dayopta, na inasawazisha tofauti ya macho yako mawili. Weka alama kwa rangi ya kucha mahali iliposimama, kwa sababu mgeni atakayeiazima atazungusha kila kinachozunguka.

Ukiwa garini, zima injini, egemeza viwiko kwenye paa, na chini ya darubini weka mfuko mdogo wa maharage. Kilo moja ya maharage kwenye mfuko wa kitenge, mdomo ukashonwa, inatuliza picha kuliko stendi ya laki.

Hatua ya 8: Vumbi

Nimeiacha mwisho na ndiyo inayoua darubini zetu. Vumbi la nyanda za Ndutu na Olduvai lina asili ya majivu ya volkano, na ukilisugua juu ya lenzi ni kama umetumia msasa. Nimewaona madereva wazuri wakipuliza "haaa" kwenye kioo na kufuta kwa ncha ya shati. Mwaka mmoja, kioo kinakuwa kama cha dirisha la daladala.

Fuata mpangilio huu, usiugeuze. Kwanza puliza kwa hewa kavu. Si lazima ununue kifaa cha wapiga picha: ile pampu ndogo ya mpira ya kuvutia makamasi ya mtoto mchanga, inayouzwa duka la dawa, inafanya kazi nzuri, mradi iwe mpya. Pili, brashi laini, ukielekeza kioo chini ili mchanga udondoke. Tatu, ndipo sasa pumzi kidogo na kitambaa safi cha miwani, kwa miduara kutoka katikati kwenda nje. Kitambaa kikae kwenye mfuko wake wa nailoni. Kikianguka sakafuni mwa gari kimeacha kazi mpaka kifuliwe.

Usiiache juu ya dashibodi. Jua la mchana hulegeza grisi na gundi, na tuta moja tu linaitosha kuirusha. Mimi huibeba kwa mkanda wa kuvuka mabegani unaogawa uzito mgongoni, kwa sababu 8x42 nyingi zina gramu 600 hadi 750 na baada ya siku 7 shingo inakumbuka kila moja. Masika huihifadhi kabatini nyumbani nje ya begi lake, mahali penye hewa, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu navitupia pembeni yake.

Na kuhusu kuazimisha: tafuta ya pili ya mtumba, ya bei yoyote ile, kwa ajili ya wageni waliokuja mikono mitupu. Yako ikishaingia kiti cha nyuma asubuhi, utaipata jioni ikiwa na mafuta ya jua kwenye lenzi zote nne.